Lehemu za Bernadine

Fergus Falls, Minnesota
9 Februari 2022

Dada yangu Maxine,

Pokea salamu kutoka huku ambako leo asubuhi nimelipiga gari teke mara tatu ndipo mlango ulioganda kwa barafu ukafunguka. Mimi mzima. Kifua kilinibana wiki mbili, kikaniachia. Arlys, binti wa baba mdogo, amepata mjukuu wa nne, wamempa jina refu kuliko yeye mwenyewe. Mchungaji mpya anahubiri dakika kumi na mbili tu na watu wanampenda kwa hilo. Na wewe je? Miguu inakubeba? Bado unatembea asubuhi kando ya mto?

Nina jambo la kukuomba. Nimeamua kuuza kompyuta zangu za zamani, zote ishirini na tatu. Shule ilipokuwa ikizitupa, mimi mwalimu wa hesabu ndiye niliyezibeba kuja nazo nyumbani, kisha watu wakazoea: mashine ikizeeka, mpelekee Orrin. Sasa chumba cha chini nyuma ya jiko hakiingiliki. Usiniulize zaidi. Ni nafasi tu.

Nimeanza na Commodore iliyo ndani ya boksi lake. Kwenye soko la mtandaoni niliona watu wanaziitisha dola mia nne, nami kwa adabu nikaweka mia na themanini. Akatokea mtu. Akauliza kama inafanya kazi. Nikamjibu kwamba inafanya kazi, ila herufi R inanata, kifaa chake cha umeme ni cha aina inayojulikana kwa kuua mashine, na boksi liliwahi kutafunwa na panya mwaka 1991. Tukaishia sitini. Kisha akaomba nimlipie posta. Posta ikawa thelathini na moja. Nimebaki na dola ishirini na tisa na aibu.

Wewe kwa miaka thelathini na sita umeuza magari yaliyotumika. Nifundishe. Na tuandikiane kama kawaida yetu, tusipigiane. Kwenye simu mimi hunyamaza na wewe hubwata, na tukikata kila mtu anabaki na kinyongo chake.

Ndugu yako,
Orrin

*

Albuquerque, New Mexico
1 Machi 2022

Mdogo wangu Orrin,

Barua yako ilikaa mezani siku nyingi kabla sijaigusa, nilikuwa na shughuli. Mimi buheri wa afya. Kando ya mto natembea kama kawaida, mabata wapo. Jirani yangu Consuelo Baca anakusalimu. Siku hizi ananiletea mchuzi wa pilipili za kijani kila ninapogeuka, sijui ameona nini. Usishangae mwandiko, naandikia mapajani.

Haya, nisikilize, maana nilipofika kwenye panya wa 1991 nilicheka mpaka Consuelo akagonga ukuta.

Ile dola mia nne uliyoiona si bei. Ni ndoto ya mtu. Bei ni ile iliyolipwa, basi. Hilo soko lenu halionyeshi vitu vilivyokwisha kuuzwa? Chungulia huko kwanza, ndipo uandike tangazo. Na ukiona mtu ameandika "haijajaribiwa," jua imejaribiwa ikakataa.

Pili, huo ukweli wako. Sikwambii udanganye. Sijawahi kumdanganya mteja kuhusu breki hata siku moja, Mungu shahidi. Lakini kuna kusema kweli na kuna kuungama. Kasoro iandike mara moja, ndani ya tangazo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, halafu funga mdomo. Mteja akiuliza "inafanya kazi?" jibu ni "ndiyo." Panya hakuulizwa.

Yule anayekuja na "bei ya mwisho?" kabla hata ya kukusalimu, usimpe. Mwambie: karibu, wewe umefikiria ngapi? Anayetaja bei wa kwanza ndiye anayevuliwa nguo. Akishataja, usimjibu papo hapo. Inuka, ukaoshe vyombo. Utaona anavyopanda mwenyewe, kwa sababu binadamu hawezi kuvumilia kimya. Mtu hukilipia kimya ili kiishe.

Na usiniletee ile "kizuri chajiuza." Aliyeisema hakuwahi kuuza hata yai.

Sasa niambie kweli. Kwa nini unauza? Nyumba hiyo ina vyumba vitano na mtu mmoja. Nafasi ya nini?

Dada yako,
Maxine

*

Fergus Falls
22 Machi 2022

Dada Maxine,

Theluji imeanza kuwa tope. Mbwa anaingia jikoni na miguu minne ya matope na kunitazama kana kwamba ndimi niliyeyaleta. Arlys aliniletea chapati za viazi, za kwake nene kuliko za mama lakini nilikula zote.

Nimefuata somo. Kaypro, ile kama sanduku la fundi, nimeiuza dola mia mbili na arobaini. Mtu wa Iowa alianza na mia na ishirini. Niliosha vyombo. Niliporudi alikuwa ameandika "au mia na themanini?" Nikaenda kufagia baraza. Niliporudi akawa amefika mia mbili na thelathini na ameniita bwana. Nikasema arobaini, akakubali. Maxine, moyo ulinienda mbio kama niliyeiba.

Mbili za Apple zimekwenda pamoja kwa mwalimu mstaafu wa Wisconsin, mia tano na kumi. Yule hakubishana, alitaka tu kujua zimeishi wapi. Nikamwandikia kurasa mbili. Najua utasema nini.

Hata hivyo wengi ni wa "bado ipo?" Mtu anauliza kama bado ipo, unamwambia ipo, anatoweka kama aliyetaka tu kuhakikisha dunia inaendelea. Mwingine aliomba nimpe bure kwa sababu "ni takataka tu," na nilipokataa akanipa dola arobaini kwa takataka hiyo hiyo.

Kumi na moja zimeondoka. Nimeweka tangazo la Altair pia. Unaikumbuka? Kasha la buluu lisilo na skrini wala kibodi, swichi na taa nyekundu tu usoni. Ilikuja kwa posta vipande vipande mwaka 1976, mwaka wetu wa kwanza mimi na Bernadine, na tuliiunga kwenye meza ya jikoni. Mimi nililehemu uso, yeye akalehemu bodi kubwa, na hakuwahi kushika chuma cha lehemu kabla ya hapo. Inawaka mpaka leo. Sikuweka bei, nimeandika "maelewano."

Mtu wa Tulsa, anaitwa Gaylord Prewitt, akaomba picha za ndani. Nikampelekea. Akajibu hivi, nakunakilia: "Bodi kubwa imelehemiwa na mtu aliyekuwa anapika wakati huohuo. Itabidi niyeyushe lehemu zote nianze upya. Dola mia tisa."

Na ukweli, dada, ni kwamba alikuwa anapika. Nilizima kompyuta nikatoka nje bila koti.

Neno moja jingine. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa wa rangi gani kabla ya ile karatasi ya maua? Wewe ulikiona kabla haijabandikwa.

Orrin

*

Albuquerque
14 Aprili 2022

Mdogo wangu,

Salamu. Upepo wa hapa umeleta mchanga hadi ndani ya kabati la vikombe. Mimi sijambo. Nilikuwa kimya kwa sababu ya mambo ya hospitali, si yangu, namsindikiza mtu. Atapona.

Huyo Prewitt ameipenda mashine yako. Usipigwe na butwaa. Anayetukana bidhaa anaitaka. Asiyeitaka hupita kimya. Kwenye uwanja wetu wa magari, mtu akiingia na kusema "rangi hii mbaya," nilikuwa naanza kuandaa karatasi za mauzo. Sasa fanya hivi: usimjibu siku tisa. Siku tisa kamili. Kisha mtajie elfu tatu na mia mbili, bila salamu, bila maelezo. Nimeangalia zilizouzwa, Consuelo alinisomea kwenye simu yake: zinazowaka zinakwenda kati ya elfu mbili na nusu na tatu na nusu. Usishuke chini ya elfu mbili na mia saba.

Na lile la kupika, Orrin, najua limekuuma. Mke wako alikuwa akinitumia kadi kila Krismasi, hata miaka ile ambayo wewe hukuandika neno. Kama huwezi kuiuza, usiiuze. Hakuna aliyekushika shati.

Kuhusu chumba hicho usiniulize. Sikumbuki rangi. Nilipokuja kumzika mama mwaka 1998 nililala hotelini, na wewe ulinisihi, na nilikwambia sababu ni godoro. Haikuwa godoro. Tuishie hapo.

Bado hujanijibu kwa nini unauza.

Maxine

*

Albuquerque
2 Juni 2022

Orrin,

Wiki saba. Nimehesabu. Somo la kunyamaza nilikupa ulitumie kwa wateja, si kwangu.

Nimekaa na kufikiri. Mtu anayeuza kila kitu alichokipenda ama anakufa ama anaoa. Kama unaoa, niambie jina lake, nitanyoosha uso. Kama ni lile jingine, niambie vilevile, na usiniandikie habari za mbwa. Kifua kile cha Februari kilikuwa nini? Umekwenda kwa daktari?

Mimi ni mkubwa wako kwa miaka tisa. Nilikubeba mgongoni kwenda kuona treni. Nina haki ya kuambiwa.

Jibu.
M.

*

Fergus Falls
20 Juni 2022

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe. Siumwi, na siolewi wala sioi. Kifua kilikuwa mafua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na fundi ndani ya nyumba, na kwa sababu nilijua barua itakayofuata itabidi niseme, nami nikawa naiahirisha. Wacha nianze na Altair, ukiweza kunivumilia.

Barua yako ilipofika nikamwambia Prewitt mashine bado ipo, kisha nikamnyamazia siku tisa. Siku ya nne akaandika elfu moja na mia tano. Ya saba, elfu mbili. Ya tisa nikamtajia elfu tatu na mia mbili, bila salamu, kama ulivyosema. Akajibu neno moja: "Nakuja."

Nilidhani ni mzaha. Jumamosi moja ya Mei akasimama barazani, mtu mkubwa mwenye mikono midogo kama ya mshona saa, amevua kofia, ameshika mfuko wa karanga za kwao. Ameendesha gari kwa muda wa saa kumi na mbili. Nikamkaribisha jikoni, mashine ikiwa mezani. Akaomba ruhusa kuiwasha. Akagusa swichi moja moja, akitia namba kama mtu anayesali, na zile taa zikaanza kukimbizana.

"Inafanya kazi," akasema mwishowe.

"Ndiyo." Panya sikumtaja, dada. Nilijifunza.

"Miaka arobaini na sita."

"Ndiyo."

"Elfu mbili na mia tisa. Naibeba leo."

Nikainuka nikaosha vyombo. Vikombe viwili tu na kisu, lakini niliviosha kama vya harusi. Kisha nikamuuliza, nikiwa nimempa mgongo:

"Lehemu utazifanya nini?"

"Nitaziyeyusha zote. Nitaziweka upya, zing'ae kama za kiwandani."

"Basi siuzi."

"Bwana Haugland, nimekutajia elfu mbili na mia tisa, wewe unahangaika na vidonge vya lehemu?"

"Ni vya mke wangu."

Akatazama sinki, akatazama kile kigoda changu kimoja tu kinachotumika mezani. Akafungua kifuniko, akainama na tochi yake ndogo, akaziangalia tena zile lehemu, polepole, moja baada ya moja, safari hii kama mtu anayesoma barua.

"Hapa aliungua kidole," akasema. "Ona, aliinua chuma kwa haraka."

"Aliungua. Alitukana, na mama alikuwa sebuleni."

Akacheka. Kisha akarudi kuwa mfanyabiashara.

"Nikiziacha hivi, kwangu mimi thamani inashuka. Wenzangu watanicheka."

"Inashuka mpaka ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne. Zisiguswe."

"Ichukue."

Maxine, najua. Dola mia tano nimezitupa, na chini ya mstari ulionichorea. Lakini yeye mwenyewe aliomba karatasi, akaandika kwa herufi nzuri: "Lehemu za Bernadine Haugland, 1976. Zisiguswe," akaweka sahihi yake na tarehe, akaibandika ndani ya kifuniko. Tulikula viazi na nyama ya kuoka. Akaondoka nayo ameifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria.

Sasa la pili.

Mwishoni mwa Januari Consuelo aliniandikia kadi. Ina kasuku wawili. Alinieleza kwamba tarehe kumi na tisa ulianguka bafuni, nyonga ikavunjika, ukalala sakafuni kwa muda wa saa sita mpaka aliposikia unagonga bomba. Nilikuwa najua nilipokuandikia barua ya kwanza. Nilijua hakuna mabata. Nilijua mtu unayemsindikiza hospitali ni nani. Usimkasirikie, alisema wewe hutasema mpaka siku ya mazishi yako, na hata hapo ungeshindana na jeneza.

Chumba cha chini, kile cha mama, kiko wazi. Mashine zote ishirini na tatu zimeondoka, zimeleta dola elfu saba na mia moja na kitu, na bafu jipya limezimeza zote: vyuma vya kushikia pande zote, kiti ndani, sakafu isiyoteleza. Mlango wa kutokea uani hauna kizingiti. Nimepaka ukuta rangi ya mtindi kwa sababu hukunijibu.

Ni chako. Nilitaka kukuomba tangu Februari, lakini kama ningekuomba kikiwa kimejaa masanduku ungesema hakuna nafasi, na ungekuwa umepata pa kutokea.

Njoo ukae nami.

Orrin

*

Albuquerque
11 Julai 2022

Orrin,

Sina salamu.

Miezi mitano unanifanya nikufundishe kuuza, nami nikijisifu kitandani kwamba angalau kuna mtu bado ananihitaji, kumbe unanikarabatia bafu. Consuelo nimemnunia siku tatu. Siku ya nne nilihitaji kushuka ngazi, ikabidi niuvunje mnuno wangu kwa kumwomba mkono. Unaelewa ninavyojisikia? Mimi ndiye niliyekuwa nawasoma watu tangu wanapofungua mlango wa gari. Wewe, mtu wa ishirini na tisa na aibu, umenizunguka.

Na wote mnasema maskini Maxine. Siji.

Umetaka kujua kuhusu chumba kile, basi jua. Walikwambia niliondoka na mwanamume wa magari. Huyo nilimkuta baadaye, tena alikuwa mjinga. Nilikuwa na kodiani. Wewe ulikuwa na miaka kumi, labda unakumbuka ilivyong'aa, nyekundu. Niliinunua kwa mshahara wa kiwanda cha mikate, majira mawili ya joto, dola mia na arobaini. Nilipiga kwenye ukumbi wa dansi kule ziwani na mama hakupenda. Juni 1966 nilirudi kutoka kazini nikakuta haipo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, katika chumba hicho hicho, anashona. Alikuwa ameiuza kwa mama mmoja aliyepita.

Nikamuuliza, kwa bei gani? Akasema dola kumi na mbili.

Nikamuuliza, uliitisha ngapi?

Akasema, "Sikuitisha. Alisema kumi na mbili, nikapokea."

Ningeweza kustahimili kwamba aliiuza. Hata kubishana hakubishana, Orrin. Kitu changu hakikustahili hata ubishi. Nilipakia nguo jioni hiyo, na maisha yangu yote nimesimama uwanjani juani ili mtu asije kutaja bei ya kwanza nami nikapokea.

Sasa unataka nikalale humo, kwa fedha ya vitu ulivyovipenda. Paka rangi unayotaka.

Maxine

Uliuza vizuri kwa yule wa Tulsa. Katika miaka thelathini na sita sikuwahi kuuza hivyo. Nakwambia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimepoa.

*

Fergus Falls
30 Julai 2022

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kukaa chumbani humo, sakafuni, maana hakuna kiti.

Nakumbuka kodiani. Nakumbuka nilikutafuta kwenye kituo cha treni siku mbili, kwa sababu ndiko ulikokuwa ukinipeleka. Mama aliniambia umekwenda kazini mbali. Baadaye akasema mwanamume. Sikuwahi kuuliza tena, na hilo ni kosa langu, si lake. Kumi ni miaka michache lakini arobaini si michache. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili tulipomzika na bado nikakuacha uende hotelini.

Sina la kubisha. Nilikudanganya kwa kunyamaza, na wewe ulinidanganya kwa mabata, tumetoshana.

Bafu limekwisha kujengwa, halirudishwi dukani. Usipokuja nitazeeka humo mimi mwenyewe, nikishika vyuma nilivyokuwekea wewe. Ngazi zangu nazo zimeanza kuwa ndefu.

Lakini sikukukarabatia bafu kwa sababu maskini Maxine. Tangu Bernadine afariki, miaka minne, mtu pekee anayenicheka ni wewe, na kicheko chenyewe kinanifikia baada ya siku sita, na stempu juu yake. Ulinifundisha nisitaje bei wa kwanza. Nataja. Nataka uje. Chini ya hapo sina.

Orrin

*

Albuquerque
29 Agosti 2022

Mdogo wangu Orrin,

Salamu zangu zikufikie wewe na mbwa wako na Arlys na wajukuu wake wenye majina marefu. Habari zangu, za kweli safari hii: natembea kwa fremu ya chuma yenye mipira ya tenisi miguuni. Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua kumi na tisa. Mto sijauona tangu Januari. Mabata sijui kama walirudi.

Daktari anasema fimbo itatosha kufikia Krismasi. Mimi nimemwambia Novemba, tukabishana, tukaafikiana Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba.

Wiki iliyopita niliuza gari langu. Nilikuwa nimeliandikia bei kichwani tangu Juni, elfu tisa na mia nane, na sikukusudia kushuka hata senti. Akaja mwanamke mmoja, muuguzi wa zamu, anaitwa Tamsin, na viatu vyake vya kazini. Akalizunguka gari, hakulitukana. Akakaa ndani, akashika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Nina elfu nane na mia tatu. Ndizo nilizonazo."

Nilifungua mdomo kumwambia niliyowaambia watu maisha yangu yote. Sikuweza, Orrin. Nyonga ilikuwa inauma, jua lilikuwa kali, nami nilitaka tu liondoke, nisilione tena likinisubiri pale nje. Nikasema sawa. Akanikumbatia. Alipokwisha kuondoka ndipo nikagundua nimepokea bei ya kwanza aliyoitaja.

Nikakaa kwenye ngazi. Ikanijia kwamba huenda na mama siku ile alikuwa amechoka. Baba alikuwa hajarudi miezi minane, wewe ulikuwa na surua, na mimi nilikuwa nikija nyumbani alfajiri nanuka ukumbi wa dansi. Huenda alitaka tu kile kitu kiondoke machoni pake. Sijasema nimemsamehe. Nasema ilinijia, na haijaondoka.

Basi sikiliza masharti yangu, na haya hayana maelewano. Nusu ya chakula nalipa mimi. Televisheni yangu inakuja. Mlango wa chumba hicho haufungwi, mchana wala usiku, na hakuna mtu, hata Arlys, atakayekiita chumba cha mama mbele yangu. Rangi ya mtindi tutaitazama. Jina lake tu linanitia baridi. Na utaacha kula viazi kila siku kama mfungwa, nakuja na gunia la pilipili.

Consuelo ananileta kwa gari lake. Anasema siku zote alitaka kuyaona maziwa ya huko, lakini nadhani anataka kuhakikisha nimefika. Tunaondoka tarehe kumi na mbili Septemba, tutalala njiani mara mbili, tutakuwa kwako tarehe kumi na nne, saa za mchana. Barua hii itanitangulia.

Nina ombi moja, na hili naliomba kweli. Usinisubiri barazani. Nitashuka mwenyewe na kuzungukia uani, kwenye mlango usio na kizingiti. Ukinichungulia dirishani ukaniona nimesimama pale muda mrefu, usije. Usinishike mkono, usiniite. Endelea na shughuli zako jikoni, na redio iwe juu kidogo nisikie kuna mtu.

Nitaingia.

Dada yako,
Maxine